Kwa nini Wajapani wanawawekea maua panya waliowaua wenyewe?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, niko Japani mwaka wa kwanza wa masters, maabara yetu inafanya utafiti wa figo na tunatumia panya wengi sana. Wiki iliyopita imekuja meseji kwamba mwezi ujao kuna siku ya kuwakumbuka wanyama wa maabara, watu wote tuvae nguo nyeusi, kutakuwa na maua na dakika ya kunyamaza. Nimebaki mdomo wazi. Hivi hawa watu wanaamini panya ana roho? Au ndo unafiki tu, umuue mwenyewe halafu umwekee maua? Na mimi Muislamu nikienda nakuwa nimefanya nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole na ugeni. Mimi jiwe la kwanza la namna hiyo nililiona nyuma ya kantini ya chuo, limeota ukungu, mbele yake kuna kikombe cha maji na maua yamenyauka, nikajua tu hii ni kumbukumbu ya wanafunzi waliokufa vitani. Nikawa nikipita nainamisha kichwa kidogo kwa adabu, nadhani miezi mitatu hivi, mpaka mama mmoja wa jikoni akaniambia huku anacheka kwamba lile ni la sungura na mbwa wa kitivo cha udaktari. Kwa hiyo hujashangaa peke yako.

Hiyo shughuli mliyotangaziwa kwao wanaiita ireisai, yaani siku ya kutuliza roho za waliokufa. Ikifanywa kidini hasa, na mtawa wa Kibudha na usomaji wa sutra, yaani maandiko yao matakatifu, utasikia neno kuyo. Kuyo ni tafsiri ya neno la Kihindi cha kale, puja, lilelile unalolisikia ukipita kwenye mahekalu ya Wahindi mtaa wa Kisutu pale Dar, maana yake kutoa sadaka ya heshima. Limetoka India, likapita China, mpaka likafika Japani limekuwa zaidi ni jambo la kuwahudumia wafu, uwape maua, udi, chakula kidogo na maneno mazuri ili wasibaki wanahangaika. Wao kwa baba zao na mama zao wanafanya hivyohivyo, tena si mara moja, wanarudia mwaka hadi mwaka. Hilo la kurudia likumbuke maana nitalirudia baadaye.

Sasa usidhani ni panya wa maabara tu. Siku ukienda Tokyo fika bustani ya Ueno, kuna bwawa linaitwa Shinobazu na katikati yake kisiwa chenye hekalu dogo la Benten, mungu wao wa kike. Zunguka pale taratibu uangalie mawe. Utakuta jiwe la samaki bunju, wao wanamwita fugu, yule mwenye sumu anayepikwa na wapishi wenye leseni. Pembeni kuna la kobe wa maji tamu, kuna la ndege, kuna la samaki kwa ujumla wao, halafu kuna la visu vya jikoni, na usishangae, kuna la miwani pia. Ukitoka hapo ukipanda upande wa hekalu la Kan'eiji kuna jiwe la wadudu la mwaka 1821. Hilo lina kisa chake. Kulikuwa na bwana mmoja mtawala wa jimbo, Masuyama Sessai, alikuwa mchoraji hodari wa wadudu, anachora panzi na kipepeo mpaka vinyweleo vya mguuni, na ili uchore hivyo lazima mdudu awe ametulia, na mdudu hatulii mpaka afe. Alipokufa yeye mwenyewe akaacha wosia kwamba wale wadudu wajengewe kumbukumbu. Wakajengewa.

Tsukiji, hukohuko Tokyo, palipokuwa soko kuu la samaki, kuna hekalu dogo la Kishinto la Namiyoke, nalo limejaa mawe ya kamba wa baharini, ya samaki wa kila aina, ya sushi, hadi ya mayai. Kule Kashikojima kwenye ufugaji wa lulu, kila Oktoba wanawakumbuka chaza waliopasuliwa. Okaya, mji wa hariri, kuna mnara wa mwaka 1934 wa viwavi wa hariri, maana uzi wa hariri unaupata kwa kuchemsha kifukofuko mdudu akiwa humohumo ndani, wengi tunavaa tu hatulijui hilo.

Ila ninalolipenda kuliko yote liko mlima Koya, mkoa wa Wakayama, kwenye makaburi ya Okunoin. Pale pana makaburi zaidi ya laki mbili, wamo mashujaa na matajiri wa karne na karne, miti mirefu, ukungu, kimya. Katikati ya huo utukufu wote kuna jiwe la mwaka 1971 lililowekwa na chama cha wapiga dawa wa mchwa, limeandikwa kwa herufi rahisi ambazo hata mtoto wa darasa la kwanza anazisoma, mchwa laleni salama. Wapiga dawa hao! Watu wanaoamka asubuhi kuwaua, jioni wanarudi kuoga, na mwaka unaofuata wataua tena.

Sasa swali lako la kwanza, wanaamini panya ana roho? Ukimuuliza profesa wako hivyo atakuna kichwa, atanyonya hewa kwa meno kama wanavyofanya, halafu atakwambia "ee, sijui", na hatakuwa anakudanganya. Sisi tumezoea dini ni kitu cha kuamini kwanza ndo utende. Wao kwenye mambo haya wanatenda, imani kila mtu na yake au hana kabisa. Kitabuni ipo mafundisho, Ubudha unasema mnyama naye yuko kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa kama wewe, unaweza ukawa mmoja wao kesho, na madhehebu ya Japani yalifika mbali zaidi yakasema hata majani na miti inaweza kufikia hali ya Budha, yaani kuamka na kutoka kwenye mzunguko huo, ndo maana huko Yonezawa kuna mawe ya kuikumbuka miti iliyokatwa, la zamani zaidi ni la 1780. Lakini angalia hii. Tarehe 8 Februari, au 8 Desemba kwa upande wa magharibi, mafundi cherehani wanachukua sindano zao zilizovunjika wanakwenda kuzichomeka kwenye tofu laini, ili baada ya kuteseka mwaka mzima kwenye vitambaa vigumu zipumzike pahali laini. Na kule Isumi, Chiba, kuna hekalu limefanyia ibada ya mazishi mbwa wa roboti, wale Aibo wa Sony, kabla mafundi hawajawafungua kuchukua vipuri. Sindano ina roho? Roboti je? Hakuna anayekaa chini kubishana. Kinachoangaliwa ni kwamba kitu hiki nimekitumia, kimeisha kwa ajili yangu, siwezi kukitupa tu jalalani nikaondoka kama sijui kitu.

Na hofu ipo, tusiifiche. Zamani kuna kitu wanaita tatari, kisirani cha aliyekufa vibaya, anarudi na magonjwa, ajali, biashara kufa. Mvuvi wa zamani aliyepoteza boti hakuona ajabu kusema ni samaki wamelipiza. Leo watu wa mjini hawasemi hivyo kwa sauti, ila chama cha wafanyabiashara ya samaki mkunga hakitaki kuwa chama cha kwanza kuacha kufanya ibada ya mkunga halafu mwaka huohuo bei zikaanguka, umenielewa.

Nikupeleke sasa sehemu moja nikae nayo kidogo, maana bila hiyo utabaki unaona vioja tu. Inaitwa Kayoi, kijiji cha wavuvi mji wa Nagato, mkoa wa Yamaguchi, pwani ya Bahari ya Japani. Watu wa hapo walikuwa wanavua nyangumi kwa nyavu na mikuki, msimu wa baridi nyangumi akipita karibu na pwani wanamzungushia boti, kazi ya kufa na kupona, nyangumi mmoja analisha kijiji. Tatizo wengine walikuwa majike wenye mimba. Unampasua pwani, watoto wenu wanaangalia, ndani unakuta mtoto ameshaumbika kila kitu. Wale jamaa wakakataa kumla huyo mtoto na wakakataa pia kumtupa. Wakawa wanamfunga kwenye mkeka wanamzika. Mwaka 1692 wakajenga kaburi la jiwe, na chini yake wamezikwa vichanga zaidi ya 70 ambao hawakuwahi kuona bahari. Hekalu la kijiji, Koganji, likawa na daftari la marehemu nyangumi. Daftari kabisa, kama lile la binadamu, kila nyangumi anaandikwa jina la kifo. Kwa Wabudha wa Japani mtu akifa anapewa jina jipya la kwendea huko, na familia inalipia, ni heshima kubwa. Nyangumi wakapewa. Uvuvi wenyewe ulishakufa pale zaidi ya miaka mia iliyopita lakini ibada ya nyangumi kila mwaka majira ya machipuko bado ipo, wajukuu wa wajukuu wanawaombea nyangumi ambao hawakuwala wao.

Kwenye lile jiwe kuna maneno yamechongwa, kwa Kiswahili changu cha haraka ni hivi: viumbe ambao riziki yao imekwisha, hata tukiwaachia hawataishi, basi na wakae ndani ya walio juu yao, binadamu na miungu, wapate pamoja nao hali ya Budha. Maneno karibu yaleyale yalitumiwa na hekalu la Suwa huko Nagano, ambalo tangu zamani lilitoa hirizi ya ruhusa ya kula kulungu, na vijiti vya kulia vya kwenda nayo, mpaka leo unavikuta vinauzwa. Ukisoma kwa jicho baya utasema aa, huyu anatafuta kisingizio, mimi nakula nyama halafu nasema nimemsaidia nyama kwenda peponi. Mimi mwenyewe nimesema hivyo siku moja mbele ya mzee mmoja, akanijibu tu, "kisingizio hutafuti mahali ambapo huoni kosa." Nikanyamaza.

Na hapo ndo penyewe. Fikiria sisi tunavyochinja. Neno letu liko kabla ya kisu. Unasema Bismillah, unakata, na ukishakata kwa utaratibu hesabu imefungwa, mwenye mali ameruhusu, umemtaja, kula na familia yako, gawia jirani. Hakuna anayerudi mwaka ujao kwenye kichinjio kumwekea yule mbuzi maua. Mkristo naye anashukuru mezani ndo anaanza kula, jambo limeisha. Wao mwenye kutoa ruhusa hayupo. Amri ya kwanza ya Ubudha ni usiue kiumbe, basi, haina "isipokuwa". Mwaka 675 mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa, na kwa karne nyingi nyama ya wanyama wa miguu minne ilikuwa ni ya kula kwa kificho, mpaka mwaka 1872 ilipotangazwa wazi kwamba mfalme Meiji amekula ng'ombe. Lakini watu lazima wale, samaki wavuliwe, ngozi zipatikane, na siku hizi dawa zijaribiwe. Sasa kama umeua na hakuna aliyekuruhusu unabaki na nini? Unabaki na deni. Na lile deni halilipiki maana aliyekudai kafa. Ndo maana neno lao liko baada ya kisu, na ndo maana linarudiwa kila mwaka, kama mtu anayelipa riba tu, deni lenyewe lipo palepale. Hata hiyo itadakimasu unayoisikia kila mkigusa chakula, maana yake ni "napokea kwa unyenyekevu", na ukiwauliza unapokea nini wengi watakwambia uhai.

Kwa hiyo unafiki? Hapa sitakupa jibu la mdomo mtamu. Wakati mwingine ndiyo.

Chukua bustani ya wanyama ya Ueno, mwaka 1943. Gavana wa Tokyo akaamuru wanyama hatari wauawe, eti mabomu yakija wasitoroke mitaani, ingawa mashambulizi makubwa ya ndege yalikuja kuanza zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Wakauawa simba, dubu, chui. Walikuwepo tembo watatu, John, Tonky na Wanri. Viazi vya sumu walivikataa, sindano zikavunjika kwenye ngozi, ikaamuliwa wanyimwe chakula na maji. John akafa tarehe 29 Agosti. Tarehe 4 Septemba ikafanyika ibada kubwa ya kuwaombea, mtawa mkuu kaja, wakubwa wamekuja, watoto wa shule wamekuja na maua. Siku hiyo Tonky na Wanri walikuwa hai. Nyumba ya tembo ilikuwa imefunikwa vile vitambaa vya mistari myeusi na myeupe vya msibani, na nyuma ya vitambaa tembo wawili wanakufa njaa huku mbele wanasomewa sutra. Wanri alikufa tarehe 11, Tonky tarehe 23. Kila mtu akiniambia jinsi ibada hizi zilivyo nzuri na za upole huwa namuuliza kama anakijua kisa cha vile vitambaa.

Kwenye maabara pia lawama ipo, na wanaoilaumu ni Wajapani wenyewe. Uingereza kwa mfano toka sheria ya 1986 huwezi kugusa panya wa majaribio bila leseni ya serikali. Japani mambo mengi yameachwa kwa vyuo vyenyewe vijisimamie, sheria yao ya wanyama ya 1973 iliporekebishwa 2005 ndo ikaingiza wazi yale mambo matatu, kupunguza idadi, kutafuta njia mbadala, kupunguza maumivu. Wakosoaji wanasema maua mara moja kwa mwaka yanawafanya watu wajisikie wamemaliza, wakati panya angependelea zaidi dawa ya ganzi. Kweli tupu.

Na jambo jingine huwa halisemwi sana. Jamii hiihii inayotuliza roho ya ng'ombe, iliwadharau kwa mamia ya miaka waliomchinja. Wachinjaji na watengeneza ngozi waliwekwa tabaka la chini kabisa, walitengwa vijiji, sheria ikalifuta tabaka hilo rasmi mwaka 1871 lakini dharau haikufutika kwa karatasi. Ng'ombe kapata jiwe, mchinjaji hata kuoa nje ya kijiji chake ilikuwa tabu. Hapo mimi nawakasirikia.

Lakini upande wa pili nimeuona pia. Mwaka 2010 Miyazaki kulipita ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, wakalazimika kuteketeza ng'ombe na nguruwe karibu laki tatu, wengi wao wazima, ili tu usisambae. Mfugaji wa pale mifugo anaijua mmoja mmoja. Baada ya yale yakawekwa mawe, watu wakakusanyika, na yule daktari wa mifugo aliyekuwa anadunga sindano za kuua tangu asubuhi hadi usiku akapata mahali pa kusimama kimya akalia bila mtu kumuuliza unalia nini. Hapo unafiki uko wapi? Mwenzetu wa maabara anayevunja shingo za panya mia kwa mwezi akiwa na umri wa miaka 23 naye anahitaji mahali kama hapo, nadhani unanielewa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ibada peke yake haikwambii kitu. Angalia mtu anafanya nini tarehe nyingine 364. Kama profesa wako anakukaripia ukirudia jaribio bila sababu, anakagua mabanda Jumapili, anauliza kwa nini umetumia panya 12 wakati 8 wangetosha, basi maua yake ni ya kweli. Kama banda linanuka na panya wanang'atana na hakuna anayejali, basi ni vitambaa vya msibani tu.

Kuhusu wewe kuwa Muislamu, mimi si sheikh, hukumu kamuulize mwenye elimu, na misikiti iko mingi tu siku hizi huko. Nikuambie tu utakachokikuta ili umuulize vizuri. Kama chuo chako ni cha serikali, mara nyingi hapatakuwa na mtawa wala sutra wala udi, maana katiba yao ya baada ya vita kifungu cha 20 inakataza taasisi za serikali kuendesha shughuli za dini, kwa hiyo ni hotuba fupi ya mkuu wa kitivo, pengine idadi ya wanyama waliotumika mwaka huo inasomwa, dakika ya kunyamaza, halafu mnapita kwenye foleni kuweka ua. Kama ni chuo binafsi au kampuni ya dawa inaweza ikawa na mtawa kabisa, udi, kuunganisha viganja. Uliza mapema katibu wa maabara ni ya aina gani, na sema mapema usichoweza kufanya. Nimewaona wageni wengi wanasimama mstari wa nyuma kimya bila kuinama na hakuna aliyewanyooshea kidole, kinachowaudhi ni mtu asiyetokea na hakusema.

Maua usinunue, wanagawa wao mlangoni, kawaida shina moja jeupe. Ikifika zamu yako mtazame aliyekutangulia ameelekeza bua upande gani, ufanye hivyohivyo. Na vaa soksi nyeusi, nilivaa nyeupe mara ya kwanza, mpaka leo wananitania.